Ipogolo, Iringa: njia ya miguu na baiskeli kando ya mto Ruaha Mdogo. Kijia tayari kipo, mchoro wa nini?

#1 Mpiga Pedali (mleta mada)

Kamwene wakuu.

Uzi ni mrefu. Wale wa "fupisha mkuu" wapite salama, tutakutana kwenye nyuzi za mpira.

Naishi Ipogolo, kibarua changu kiko mjini juu. Anayeijua Iringa anaelewa hiyo "juu" maana yake nini. Mji umekaa kilimani, barabara kuu ya Dar kwenda Tunduma inapita bondeni, na kati yao kuna mlima ambao asubuhi baiskeli unaisukuma na jioni unashuka nao umeshika breki huku malori yanakupumulia kisogoni. Ndiyo maana wengi wetu tukiwa na safari za huku huku bondeni hatugusi lami kabisa. Tunafuata mto.

Sasa, kwenye mtaa wetu kimekaliwa kikao. Wakaja vijana wawili na mchoro mkubwa umechapwa kwa rangi. "Njia ya kijani ya jamii." Zege safi, taa, viti vya kupumzikia, nyasi zimekatwa kama za uwanja wa mpira, na kwenye picha kuna mzungu anakimbia na mbwa. Sikatai, ilipendeza. Watu walipiga makofi. Kisha mama mmoja aliyekaa nyuma akasimama, akausogelea mchoro, akauangalia muda mrefu halafu akauliza: "Kinyungu changu kiko wapi hapa?"

Kilikuwa kimepakwa rangi ya nyasi. Vinyungu vyote vilikuwa nyasi. Vijana wakasema hiyo ni hatua ya awali, maoni yatachukuliwa. Kikao kikafungwa kwa sala.

Kwa wasio wa huku: kinyungu ni kishamba cha bondeni, kinalimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini baada ya mvua kukata. Mboga, maharage, mahindi ya kuchoma. Hapo ndipo ada ya shule inapotoka wakati shamba la mlimani limelala.

Swali la yule mama lilinikaa. Jumamosi iliyofuata nikachukua daftari la mwanangu, nikaenda kukaa kwenye kile kivuko cha magogo kuanzia jua linachomoza mpaka saa nne. Kila anayepita, mstari. Nikagawa: wa miguu, wa baiskeli, mwenye mzigo, mtoto, mzee. Kurasa zilijaa nikahamia za nyuma. Mama na beseni la mchicha. Baiskeli za maziwa, madumu mawili kila upande. Mkaa. Watoto wanakwenda masomo ya ziada. Bibi na mbuzi watatu (niliandika "wengineyo"). Wa mazoezi walikuwa wachache mno, na mmoja wao alikuwa anakimbia kwa sababu amechelewa.

Hoja yangu ni hii: njia ipo. Miguu imeshaichora, na imeichora vizuri kuliko kompyuta, kwa sababu mguu wa mtu mwenye mzigo haudanganyiki na mwinuko. Ukiifuata utaona inakwepa tope yenyewe, inapanda pale kingo ikiwa mbovu, inapita kwenye mipaka ya vinyungu na si katikati yake. Shida iko sehemu tatu tu. Kivuko chenyewe, kila masika magogo yanaondoka na maji. Korongo moja linalokata njia, mvua ikinyesha mtoto anarudi nyumbani. Na kona ya vichaka ambako kinamama hawapiti jua likishazama, sababu mnaijua. Ningekuwa na hela ya huo mchoro, ningeimalizia hapo pote patatu, nisiguse kwingine.

Nataka mnisaidie kufikiri mambo ambayo mimi peke yangu nimekwama: bodaboda tunawazuiaje, sheria ya mita 60 kutoka kingo za mto inatuambia nini, na nani ataitunza baada ya picha za uzinduzi kupigwa.

Naomba kuwasilisha.

#2 Jicho la Tatu

Nimewahi siti ya mbele. Uzi bila picha mkuu?

#3 Mpiga Pedali

Bando limekata, picha za kivuko jioni.

#4 Fundi Gredi

Mleta mada umeongea kama mtu wa saiti. Nimekula vumbi la barabara za vijijini miaka mingi, ngoja nitoe mahesabu watu waone kwa nini hoja yako ina uzito.

Chukua kilomita 3. Upana mita 2.5, ili baiskeli ya maziwa ipishane na mtu mwenye beseni bila kusukumana. Changarawe unene wa sentimita 15 baada ya kushindilia. 3,000 mara 2.5 mara 0.15 ni kyubiki mita 1,125. Hiyo imeshashindiliwa, ya kumwaga ongeza kama robo, unafika 1,400. Tipa la kyubiki 10 litapiga safari 140. Na hilo tipa lipite wapi? Utalitengenezea barabara ndani ya vinyungu, na ukishaitengeneza barabara, haitakuwa tena njia ya miguu.

Sasa fanya anavyosema mleta mada. Weka changarawe penye tope tu. Tuseme jumla ya mita 400: kyubiki 150 za kushindiliwa, karibu 190 za kumwaga, safari 19. Tipa linamwaga barabarani, kuanzia hapo ni toroli na nguvu za watu. Kazi ya nguvukazi, hata wale wa ajira za muda za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wanaiweza ikiingizwa kwenye mpango wa mtaa.

Kitu ambacho watu wote wanasahau ni maji. Njia haiuawi na baiskeli, inauawa na maji yanayotembea juu yake. Ilale upande mmoja kidogo, kwa upana wa mita 2.5 upande wa chini ushuke sentimita 5. Inatosha, jicho halioni lakini maji yanaona. Msiweke tuta pembeni upande wa mto, mtakuwa mmejenga mfereji mkauita njia.

Kivuko: msirudie magogo. Gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe) pande mbili, juu zege au mbao nzito, na kiwekwe juu ya alama ya mafuriko. Alama msimwulize mhandisi, waulizeni wazee maji ya mwaka mbaya yalifika mti gani. Korongo mimi ningeliwekea sakafu ya mawe na saruji ili maji yapite juu, watu wapite maji yakishuka. Kalavati dogo pale litaziba kwa matawi mwaka wa kwanza tu.

#5 Mama Bonde

Mimi si yule mama wa kikao ila ningeweza kuwa mimi.

Nawaambia ukweli, sisi neno "kijani" likitajwa tunashika majembe. Mwaka mmoja wanakuja kupima wanasema hifadhi ya mto. Mwaka mwingine wanasema mita 60. Mwingine mradi. Wote wana vesti za kung'aa na wote wanaanzia kwenye kinyungu, hawaanzii kwa yule mwenye ukuta na geti ambaye naye yuko ndani ya hizo hizo mita 60.

Hiyo njia tunaipita sisi. Tunafyeka sisi. Siku mtoto wangu alipoanguka kwenye magogo na vitabu vyake vikaenda na maji, waliomtoa ni wanaume waliokuwa wanamwagilia. Kwa hiyo mkitaka njia sina neno, hata mimi mgongo unauma na lile beseni. Ila aje mtu anayejua kuandika, aandike kabla ya jembe la kwanza: njia inapita mpakani, haiongezwi upana kuingia shambani bila mwenye shamba kukubali mbele ya mwenyekiti wa mtaa na majirani wa pande zote. Na wakulima wawe kwenye kamati kama wajumbe kamili. Tumechoka kuitwa kunywa soda na kupiga makofi.

#6 Mwana wa Loleza

Ugonile wakuu, niko Mbeya. Nyie Iringa mna bahati mto wenu uko pembeni ya mji na mlima unawalazimisha kufikiri. Sisi mji wetu wote umetandikwa kama kamba juu ya barabara kuu, Uyole mpaka Mbalizi. Mtu wa Mafiati akitaka kwenda Mwanjelwa kwa miguu anatembea na malori ya Zambia na Kongo. Sasa inajengwa ya njia nne, Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29. Mimi nasubiri kuona mwenye baiskeli atawekwa wapi, maana barabara ikipanuka mvukaji ndiye anayefupishiwa maisha.

Kwetu kuna wanaosema tutumie kando ya reli ya TAZARA. Watu wanatembea pale kila siku, kweli. Lakini ile ni hifadhi ya reli, na treni ya mizigo haina urafiki na mtu mwenye simu masikioni. Naunga mkono mto. Mkianza tuleteeni mrejesho, tuna mabonde yetu huku yamejaa chupa za plastiki, tutaiga.

#7 Boda wa Miomboni

Naona nimetajwa bila kutajwa. Mnataka kutuzuia "tunawazuiaje" kama ng'ombe.

Mimi abiria akinambia nipitishe njia fupi, nampitisha. Njia ikiwa laini nitapita, usiponiona asubuhi utaniona usiku. Mkiweka vyuma, vikae karibu kiasi gani? Bodaboda inapita mahali popote baiskeli yenye madumu ya maziwa inapopita. Mkivikaza mpaka mimi nisipite, na muuza maziwa hapiti. Fikirieni hilo kabla ya kununua vyuma.

#8 Magurudumu Matatu

Boda amesema kweli mchungu. Natumia baiskeli ya matairi matatu ya kunyonga kwa mikono. Kila mahali wanapoweka vile vizuizi vya kupindapinda "kwa ajili ya pikipiki", pikipiki inainama inapita, mimi nabaki nje naangalia.

Na wakati mko kwenye mahesabu: mwinuko. Kwenye kivuko, mita 1 ya kupanda iwe na angalau mita 12 za kwenda mbele, na katikati pawe na sehemu tambarare ya kupumua. Kwenye njia yenyewe 20 ni bora. Ngazi hata tatu tu zinamaanisha mmeniandikia "usije". Muuza maziwa naye hazipendi ngazi, kwa hiyo si fadhila kwangu peke yangu.

#9 Mpiga Pedali

#7 na #8, nimefuta wazo la vyuma. Nilikuwa nimeshaulizia bei kwa mchomeleaji, bora mmeniwahi.

Boda, nikuulize kiungwana: kijiwe chenu kina uongozi. Tukikaa nao, wakakubali kwamba pale hakuna pikipiki isipokuwa ya mgonjwa, na faini iingie mfuko wa kijiwe chenu wenyewe, inashikika?

#10 Boda wa Miomboni

Faini ikiingia kwetu inashikika. Ikiingia kwa mgambo haishikiki, huo utakuwa mradi wa mtu. Lakini mje Ipogolo kuongea na vijiwe vya pale, mimi wa Miomboni siwezi kuwasemea.

#11 Hesabu Kali

Samahani nitaonekana mchawi wa maendeleo. Wakati zahanati inakosa gluvu, sisi tunajadili njia ya kuendeshea baiskeli? Vipaumbele wakuu.

#12 Mama Bonde

Hesabu Kali, mjamzito wa ng'ambo anafikaje kwenye hiyo zahanati kivuko kikiwa kimeondoka? Nimemaliza.

#13 Jicho la Tatu

😂😂 Kalime mkuu, kalime.

#14 Mlinda Chemchemi

Nirudi kwenye mita 60 maana wengi wanaitaja kama mzimu. Inatoka kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57. Haisemi binadamu asionekane ndani ya mita 60. Inakataza shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu hifadhi ya kingo za mto. Isomeni upya mkiwa na ule mchoro mkononi: zege, nguzo za taa, vibanda vya soda. Hapo anayevunja sheria ni mchoro kabla ya mchicha.

Kijia cha udongo chenye changarawe penye tope kinaombewa idhini kwa urahisi zaidi, lakini kiombewe. Msianze kimyakimya mkaja kuwekewa X ya kubomolewa. Nyie mna urahisi ambao wilaya nyingi hazina: Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji makao yake yako hapo hapo Iringa mjini. Nendeni mkiwa kundi, pamoja na jumuiya ya watumia maji ya eneo lenu. Jumuiya hizi zinatambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 na ndizo bodi inazisikiliza, kuliko mtu mmoja mwenye bahasha ya kaki. Upande wa kivuko na pale mnapotokea barabarani wahusisheni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mapema, na kama mnagusa hifadhi ya barabara kuu hiyo ni TANROADS, wakala wa barabara kuu. Wakija mwishoni watabomoa, na watakuwa na haki.

Muhtasari wa mkutano wa mtaa ndio karatasi ya kwanza. Bila muhuri wa mtendaji hamjaanza. Toka hapo iende kamati ya maendeleo ya kata, diwani aibebe.

Miti: tafadhali msipande mikaratusi kingoni. Najua inakua haraka na nguzo zinalipa. Inakunywa mto. Pandeni mivengi, mikuyu, vitu ambavyo bonde linavijua.

#15 Babu wa Tosa

Mianzi mmeisahau, vijana. Mizizi yake inashika kingo kama vidole, na masika inatoa ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Njia yenye mianzi pande zote haitakosa watunzaji, wataifyeka wenyewe bila kuitwa.

Tatizo ni wakati wa kurudi. Nimewahi kuona baiskeli na mwenyewe vimelala mtoni, baiskeli ikiwa na akili timamu.

Nawaza pia mbali kidogo: mto huohuo ukiufuata chini unafika Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa, chifu wetu Wahehe. Fuvu lake lilirudishwa pale mwaka 1954, sisi tulisimuliwa na baba zetu waliosimama juani siku hiyo. Ukitoka mjini kwa barabara ni kilomita kama 15. Mjukuu wa Mhehe akiweza kwenda Kalenga kwa baiskeli bila kukanyaga lami, mimi nitachangia kuku.

#16 Mpiga Pedali

Babu shikamoo. Kalenga imo kichwani, ila nimejizuia kuiandika. Nikisema Kalenga watu wataanza kusema watalii, nikisema watalii ule mchoro utarudi na mzungu wake na mbwa wake. Tuanze na korongo.

#17 Nilipita Karura

Niliishi Nairobi kidogo, nitoe tahadhari moja. Karura, msitu wa pale mjini, watu wanaisifu na inastahili, mwanamazingira Wangari Maathai alipigwa pale mwaka 1999 akitetea msitu usigawiwe wajenzi. Baadaye ukawekwa uzio, zikatengenezwa njia za kutembea na baiskeli, ukafunguliwa upya 2011, usalama ukarudi. Lakini unalipa getini. Kwa mtu wa mazoezi ya Jumapili si tatizo. Kwa mama mwenye beseni anayepita mara mbili kwa siku, geti ni ukuta. Swali lenu la "nani ataitunza" lisijibiwe kwa kiingilio.

#18 Fundi Gredi

Hapo #17 umegonga. Utunzaji wa njia ya udongo si hela nyingi, ni ratiba. Mara mbili kwa mwaka: kabla ya mvua, mwezi wa kumi hivi, kufungua mitaro na kufyeka mita moja kila upande, na baada ya masika kuziba mashimo. Gawa kwa vipande, kila kipande kina majina ya wenye vinyungu wanaopakana nacho, kwa sababu wao wapo pale kila siku na majembe yako mkononi. Mnaweza kuwapa kitu: kipaumbele kwenye vibarua vya ujenzi, au kikundi chao kisaidiwe kuandika maombi ya mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ile 4-4-2 ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Magurudumu Matatu naye anaingia humo.

Ile kona ya vichaka haihitaji taa mwaka huu. Fyeka mpaka mtu aone mita 30 mbele yake, kata matawi ya chini. Taa ya sola bila mlinzi inaibwa betri wiki ya pili.

#19 Mama Bonde

Kufyeka kona hata kesho. Nina wanawake saba wenye nyengo. Kumbukeni tu nilichosema cha karatasi.

#20 Mpiga Pedali

Karatasi nimeianza, nimeandika kwa mkono kwanza. Sentensi ya kwanza ni yako, #5, nimebadilisha tu "tumechoka kuitwa kunywa soda" maana mtendaji ataisoma.

Jumamosi hii saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunaitembea yote, kivukoni mpaka korongoni. Mwenyekiti wa mtaa amekubali kuja. Wale vijana wa mchoro nimewapigia, mmoja anakuja, nimemwambia avae buti. Mama Bonde, tunaomba utangulie mbele, kila mpaka wa kinyungu utaje mwenyewe, mimi naandika. Fundi ukiweza kuja na kamba ya kupimia utakuwa umetuokoa. Magurudumu Matatu, mpaka kivukoni unafika bila shida. Kuanzia hapo tutakubeba na baiskeli yako, na kila tunapokubeba tunapiga picha na kuweka kigingi, hapo ndipo pa kutengeneza.

#21 Magurudumu Matatu

Nipo. Mje wenye mabega, mimi na hiki chuma si wepesi.

#22 Boda wa Miomboni

Kutoka mjini juu mpaka Ipogolo nawashusha bure watu wawili wa kwanza. Barabarani, si mtoni.

#23 Jicho la Tatu

Picha za kivuko bado mkuu, ni jioni ya tatu hii.